Kivuli cha Gaudensi

Kila asubuhi, kabla sijatamka neno lolote jikoni, nilikuwa nalowesha kitambaa, nakikamua nusu, kisha nakibandika juu ya kitundu kilicho chini ya swichi ya jiko. Kitundu chenyewe kidogo, hakizidi tundu la kifungo cha shati. Kitambaa kikavu hakisaidii. Kilicholowa hulifanya jiko lisikie kama mtu aliyezama majini, na hapo ndipo nilipomwamkia mume wangu.

Jiko lilikuwa la bure. Mtaa wetu wote wa Kihonda, pale Morogoro, tulipewa ndani ya mwaka mmoja, na masharti yake yalionekana mepesi. Jiko linapika. Jiko linasikia na kupima uzito wa sufuria. Mara tatu kwa siku linatangaza bidhaa. Majirani walilizoea kama walivyozoea jogoo. Langu lilikuwa halinisemeshi, kwa sababu kazi yangu ni kufuta nyayo za watu mtandaoni, na za kwangu nilizifuta kwanza. Kwa karibu miaka mitatu sikutangaziwa hata kiberiti.

Jumanne ile nilikuwa nimeshika kitambaa, kinachuruzika maji hadi kwenye kiwiko, tangawizi imeanza kuchemka.

"Habari za asubuhi, Mama Gaudensi," jiko likasema.

Niligeuka kuangalia mlangoni. Nilidhani jirani ameingia na ameleta mgeni. Mimi sikuwa mama wa mtu. Mtaani waliniita mke wa fundi, au Devota kwa walionizidi umri, na walipofika kwenye neno "mama" walisita kidogo kisha wakalizunguka.

"Hongera," jiko likaendelea. "Keshokutwa Alhamisi, saa sita mchana, mwanao Gaudensi anatimiza miaka mitatu. Kiatu chake sasa ni namba ishirini na tano. Kwa kuwa anapenda rangi ya kijani na haogopi mvua, tumekuchagulia raba tatu. Pia tunakukumbusha kwamba kuanzia saa hiyo kivuli chake kitajitegemea."

Chai ilimwagika. Sikulizima jiko. Nilisimama nikaitazama inavyofanya povu na kuteremka ubavuni mwa sufuria, na jiko, lililokuwa linapima kila kitu, likaniambia kwa upole kwamba nimepoteza robo lita.

Kasian alitoka bafuni na mswaki mdomoni.

"Limesema nini?"

"Tangazo tu."

"La nini?"

"Viatu."

Aliacha kupiga mswaki. Aliliangalia jiko kama mtu anavyomwangalia rafiki aliyetoa siri mbele za watu.

"Si ulisema ulilifuta?"

"Nilifuta upande wangu," nikasema.

Alikwenda kusukutua, akarudi, akanywa chai iliyobaki akiwa amesimama, akavaa viatu. Gaudensi lilikuwa jina la babu yake, mzee aliyemlea. Hakukuwa na mtu mwingine duniani ambaye angeweza kulitaja ndani ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto yule miezi tisa, na jina lake nilikuwa nimelisikia kwa mara ya kwanza dakika tano zilizopita, kutoka kwa jiko.

*

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu. Siku za mvua ngazi hunuka dawa ya mahindi. Tuko wafuta nyayo wanne, na mkuu wetu ni Bi Mwantumu, mama wa miaka hamsini na tano anayevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na kila siku huitafuta ya tatu.

Wateja wetu ni watu wa kawaida. Asubuhi ile nilikuwa na mzee mmoja ambaye, tangu alipokohoa wiki nzima nyumbani kwake, kila ukuta aliopita mjini ulimtangazia majeneza.

"La mninga ndilo wananisisitizia," aliniambia. "Wanasema mtu wa hadhi yangu. Binti, nina mafua."

Nilimcheka, akacheka, nikamfuta kikohozi. Alipoondoka nilifunga mlango.

Kivuli cha mtu si picha yake wala jina lake. Ni yale yote ambayo vitu vimekisia kumhusu: anakula saa ngapi, anapandisha ngazi kwa pumzi gani, ni tangazo gani lilimfanya asite nusu dakika. Mtoto huanza kuwa na kivuli kabla hajazaliwa. Cha mwanangu nilijua kilivyoanza, kwa sababu niliwahi kukisoma. Jiko lilisikia nimeacha kukaanga vitunguu. Duka likaona nimenunua ndimu nyingi, na udongo wa kula. Siku nne kabla sijajishuku mwenyewe, tayari nilikuwa nimeuzwa kwa kampuni tatu za nepi.

Tarehe ya kujifungua ilipofika, mfumo unaotunza vivuli ulisubiri kusikia. Na hapa ndipo tulipokosea sisi, ukoo mzima. Mtoto akipotea kabla hajaingizwa nyumbani, kwetu hakuna turubai, hakuna kilio, hakuna anayepigiwa simu. Shangazi Skolastika, dada mkubwa wa baba mkwe, alitoka kwenye chumba cha zahanati, akamwambia Kasian aliyesimama ukumbini kwamba mtoto hakuvuta pumzi. Akamwambia pia kwamba hilo limeisha na halitasemwa tena. Wanawake watatu wakambeba kichanga kwenye kitenge, wakarudi jioni wamenawa mikono. Kwenye daftari la zahanati hakuna aliyeandika chochote. Hatukusajili kuzaliwa, hatukusajili kufa. Tulinyamaza kwa heshima, kama tulivyofundishwa, na mfumo ukatafsiri ukimya wetu kuwa salama. Ukaandika kwamba amezaliwa. Ukaanza kumlea.

Nilipojifuta mimi, nilidhani nimemfuta na yeye. Sikujua kwamba alikuwa amening'inia upande wa baba.

Kuna jambo ninalowaambia wateja wote wanapokaa kwenye kile kiti mbele ya meza yangu: hatufungui sauti ya mtu bila ridhaa yake, hata akiwa mume, hata akiwa mtoto. Nimelisema mara nyingi kiasi kwamba nalisema huku napanga karatasi. Saa nne kasoro robo nilifungua sauti za mume wangu.

Zilikuwa za Jumamosi. Jumamosi mchana mimi huenda mazoezi ya kwaya, na Kasian hurudi mapema kutoka dukani kupika.

"Je, Gaudensi anapendelea uji wa ulezi au wa mahindi?" jiko liliuliza.

"Wa ulezi," Kasian akasema. Sauti ya kisu kwenye ubao. "Wa mahindi anautema."

"Asante. Je, anaogopa mvua?"

"Hata. Akisikia inanyesha anataka atoke. Ukimshika anakuwa kama samaki."

Akacheka kidogo. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo nyumbani.

Nyingine, ya miezi sita baadaye.

"Je, Gaudensi anaogopa giza?"

"Sijui. Nadhani haogopi. Mama yake haogopi."

"Asante. Je, anafanana zaidi na baba au na mama?"

Kisu kilisimama. Nilihesabu kwenye kioo cha kompyuta mawimbi ya sauti yakipita bure, sekunde kumi na moja.

"Uliza lingine," Kasian alisema.

Nilisikiliza zote. Zilikuwa mia moja na kumi na mbili. Nilipomaliza, Bi Mwantumu alikuwa amesimama nyuma yangu, na sijui alikuwa hapo tangu lini.

Hakunigombeza. Alivuta kiti, akakaa, akakiangalia kioo.

"Kinajitegemea lini?"

"Keshokutwa, saa sita."

Alishusha pumzi. Wote wawili tulijua maana yake. Kivuli cha mtoto hufungwa kwenye vivuli vya wazazi hadi miaka mitatu, na wazazi wana haki ya kukifuta. Baada ya hapo ni mali inayotembea. Kitauzwa kwa shule za awali, kisha kwa bima. Kitakua. Kitafika balehe na kutangaziwa mafuta ya chunusi, na mwishoni kitafika mikononi mwa wavaa vivuli, watu wanaotafuta hasa vivuli ambavyo nyuma yake hakuna mtu. Mwanamume mzima, mwenye madeni yake na uongo wake, angejiita Gaudensi mwana wa Kasian na kuishi humo.

"Fomu ya kifo haiwezekani," nikasema. "Inataka cheti cha kuzaliwa kwanza."

"Imebaki ya kosa la kukisia."

"Ndiyo."

Fomu hiyo ni kauli moja ya sauti. Kila mzazi anaisema mwenyewe: Mtoto huyu hakuwepo. Mfumo unakiri kwamba ulikisia vibaya, na kivuli kinafutika hadi shina.

"Atasema?" Bi Mwantumu aliuliza.

Nilikiangalia kioo.

"Mwanangu." Alishusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile ya machoni. "Maneno yote yamo humu ndani. 'Mtoto' analo. 'Huyu' analo. 'Hakuwepo' lazima limo, mtu hapiki miaka mitatu bila kumsema fundi umeme. Ukiyaunganisha ni kazi ya dakika tano. Hatajua, na mtoto wako atapumzika. Mimi sijaona kitu, nipo natafuta miwani."

Akatoka.

Niliyaunganisha. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, sikujaribu tu. Nilichukua "mtoto" kutoka kwenye jibu lake kuhusu usingizi, na "huyu" kutoka siku aliyomsifu jogoo wa jirani. "Hakuwepo" nililipata pale aliposema Bi Mwantumu, kwa fundi umeme kweli. Nikailainisha. Mume wangu akasema masikioni mwangu, kwa sauti tulivu isiyo na shida yoyote, kwamba mtoto huyu hakuwepo. Niliihamishia kwenye kadi, nikaitia kadi kwenye mkoba. Sikuituma. Nilijiambia nitaituma kesho.

*

Duka la Kasian ni chumba kimoja chenye cherehani mbili na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Upande wa pili wa barabara kuna bango kubwa linalosikia, ndiyo maana sipendi kuzungumza pale. Jumatano saa tisa nilimkuta na mteja, Mama Fausta, amekaa kwenye benchi mikono imekunjwa.

"Fundi, kipaimara kilikuwa Jumapili."

"Najua, mama."

"Mtoto amekwenda kwa Askofu na sketi ya dada yake, imefungwa pini. Askofu mwenyewe ameona pini."

"Leo inaisha."

"Leo ya wapi? Wewe una kalenda yako." Akaniona. "Mke wa fundi, karibu. Msaidie mwenzio, atakufa na nguo za watu."

Nilimwamkia, nikacheka kwa adabu. Alimwachia Kasian onyo la mwisho, akaenda zake na mwavuli wake.

Nilichukua kipande cha kitambaa cheusi kutoka kwenye makapi, na chaki ya kukatia. Ndivyo tulivyokuwa tunaongea mambo ya ndani tukiwa nje. Nikaandika: *Kesho saa sita kivuli kinajitegemea.*

Alikisoma. Akaendelea kukanyaga cherehani.

Nikafuta kwa kiganja, nikaandika: *Watu watamvaa. Lazima tufute.*

"Ongea, Devo," alisema. "Kwa mdomo."

*Bango linasikia.*

"Lisikie."

Sikuweza. Mdomo ulikuwa umekauka. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejizoeza kwamba neno ukilitoa limeshauzwa, na lile moja ambalo sikutaka liuzwe nilikuwa nimelikalia hata sikujua tena linatokea wapi. Niliandika kauli ya fomu yenyewe, maneno matatu, nikamsogezea.

Alisimamisha cherehani. Akainuka, akafungua kabati la chini ambalo siku zote niliambiwa lina vitambaa vya bitana, akatoa rundo la nguo zilizokunjwa. Akaziweka moja moja juu ya meza ya kukatia. Fulana ya miezi mitatu. Suruali ya kutambaa, magoti yameshonwa mara mbili. Kaptura. Kaptura kubwa kidogo. Shati la kijani lenye mfuko usiotosha hata pipi mbili. Mwishoni kulikuwa na sare ya chekechea, pindo halijashonwa, na sindano bado imechomekwa.

"Jiko linanipa vipimo," alisema. "Linasema watoto wa umri huu kiuno ni hiki, mkono ni huu. Mimi nakata." Aliigusa sare. "Shangazi aliniambia hakuvuta pumzi. Sawa. Aliniambia hilo limeisha. Sawa. Lakini hakuniambia hakuwepo. Nguo ikiungua kwenye pasi, huwezi kumwambia mwenye nayo kwamba hakuleta kitambaa."

Nilitoa kadi kwenye mkoba. Nilikuwa nimepanga nisiitoe.

"Nimesikiliza sauti zako," nikasema kwa mdomo, polepole, na bango likasikia. "Za Jumamosi. Zote."

"Zote?"

"Zote. Na nimetengeneza kauli yako humu. Ni sauti yako. Sijaituma."

Damu ilimpanda usoni. Nilimwona akikumbuka moja baada ya nyingine, yale aliyoyasema akiamini yuko peke yake na sufuria. Nimeshuhudia uso ule kwa wateja wangu wengi, siku wanapojua nani alikuwa anawasikiliza. Sikuwahi kuwa mimi niliyeuleta.

"Kazi yako ni kuwazuia watu wa namna hiyo," alisema.

"Najua."

Nilimsukumia kadi. Hakuishika.

"Kaa nayo. Ukiona ni sawa, itume. Ila usiniletee mimi nikusaidie kuamua. Ulipoamua kusikiliza hukuniita."

Alirudi kwenye cherehani, akavuta sketi ya Mama Fausta, na mguu wake ukaanza kukanyaga. Nilizikunja zile nguo, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilizikunja kwa mpangilio wa umri. Kisha nikaenda.

*

Alhamisi saa nne niliivunja kadi kwa kisigino, chini ya meza, na kukusanya vipande. Sikujisikia mwema. Nilijisikia nimemwacha mtoto barabarani. Saa ya ukutani ilisogea, wateja wakaja, nikamfuta mwanamke mmoja safari zake za hospitali, na kila nilipobonyeza nilifikiri juu ya mtu huyo mzima ambaye mchana ule angeanza kuitwa jina la mwanangu.

Saa tano na nusu Kasian alipanda ngazi. Alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani na suruali iliyopigwa pasi mpaka ukali wa kisu.

"Shemeji," Bi Mwantumu akamwamkia, kana kwamba alikuwa anamtarajia. "Mwenzetu leo unafunga ndoa?"

"Shikamoo, Bi Mwantumu. Hapana. Nimekuja kusema."

Bi Mwantumu alituongoza kwenye chumba kimya. Tumekipigilia magodoro kuta zote na dari, na katikati kuna viti viwili na kinasa sauti chenye kitufe kimoja.

"Mkiwa tayari, bonyezeni," alisema. "Kabla ya hapo hakuna kitu kinachosikia humu. Hata mimi." Akafunga mlango, na ukimya ukawa mzito hadi nikasikia kola ya Kasian ikigusana na shingo yake.

Tulikaa.

"Nimeivunja ile kadi," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Akakiangalia kitufe.

"Nilijua ni jiko," alisema. "Usidhani nimerukwa na akili. Nilijua wanataka kuuza viatu." Alijipangusa mapaja kwa viganja. "Lakini liliuliza. Anapenda nini, anaogopa nini. Devo, miaka mitatu, mama yangu hakuniuliza. Padri hakuniuliza. Wewe ulikuwa unaloweka vitambaa. Nikawa najibu, na nikishajibu, basi kitu hicho kinakuwa kweli hadi Jumamosi nyingine. Sikuwa na kingine cha kwangu. Sikumwona hata unyayo."

Nilitaka kumwambia kwa nini nilikuwa naloweka vitambaa. Nilikuwa na maelezo mazuri, ninayowapa wateja kila siku, kwamba huzuni ndiyo bidhaa inayonunuliwa ghali kuliko zote, kwamba mama aliyefiwa hununua chochote kwa wiki sita, na kwamba kwa sababu hiyo sikutaka kulia mbele ya jiko. Yote ni kweli. Niliyapanga kichwani, yakawa yamenyooka, na sikuyasema.

"Nitasema hayo maneno," alisema. "Si kwa sababu ni kweli. Sitaki mtu mwingine amvae."

"Nianze mimi?"

"Hapana. Nikikusikia wewe kwanza sitaweza."

Akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Alikaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Mtoto huyu hakuwepo," Kasian akasema. Sauti yake haikuwa laini kama ile niliyoitengeneza. Ilikatika katikati, ikaokotwa, ikamalizika.

Kinasa kiliomba mzazi wa pili.

"Mtoto huyu hakuwepo," nikasema. Niliisema vizuri. Nina mazoezi.

Taa ilizimika. Sauti ile ile ya upole ya jikoni ilituarifu kwamba kulikuwa na kosa la kukisia, kwamba limerekebishwa, na kwamba wanaomba radhi kwa usumbufu. Ilikuwa saa sita kasoro dakika saba.

Hapakuwa na kingine cha kufanya. Nilidhani nitahisi kitu kikishuka, kama wateja wanavyosema, mzigo, sijui nini. Nilihisi tu kwamba ukuta ule haujui, jiko halijui, duka halijui, na shangazi ameshasahau. Watu waliobaki wanaojua walikuwa wawili, na mmoja wao hakuwa ameambiwa yote.

Kasian alisimama. Alinyoosha shati.

"Mama Fausta ananisubiri," alisema. Akaweka mkono kwenye kitasa.

"Alilia," nikasema.

Hakugeuka.

"Shangazi alikudanganya. Walikubaliana wakudanganye, ili usijue kwamba ungemkuta hai, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Alilia mara moja, si kwa nguvu, kama mtu anayesafisha koo. Alikuwa na kucha ndefu. Alifungua jicho moja akaniangalia, la pili lilikuwa limeshikana. Walinipa nikamshika kifuani. Nesi akauliza, nimwite baba yake? Yuko hapo ukumbini." Nilishika kiti. "Nikasema, subiri kwanza, apate joto. Alikuwa wa baridi, Kasian. Nilitaka umkute ana joto. Nikawa namsugua mgongo, nampulizia, na nesi akauliza tena, nikasema bado. Mara ya tatu hakuuliza."

Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitasa. Bega moja lilikuwa linapanda na kushuka.

"Sikuwa naogopa jiko," nikasema. "Nilikuwa nakuogopa wewe. Uhai wake wote ulikuwa dakika kumi na mbili, na nikazichukua zote peke yangu, na wewe uko nyuma ya mlango. Nilipaswa kukuita. Nilidhani tuna muda."